Bandama Mlimani: Mbebaji wa Selimundu Kutoka Ikoma na Siku ya Kwanza ya Theluji

Katika milima ya Colorado, nchini Marekani, msimu wa kuteleza juu ya theluji huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kituo cha Arapahoe Basin, ambacho sehemu yake ya chini ipo mita 3,286 kutoka usawa wa bahari na kilele chake mita 3,978, mara nyingi hufunguliwa mwezi Oktoba, wakati ambapo wakulima wa Serengeti bado wanayatazama mawingu wakingoja mvua za vuli. Siku hizo za mwanzo hupendwa kuliko nyingine zote. Theluji iliyoanguka usiku haijakanyagwa, ni nyepesi na laini kama unga wa muhogo uliochekechwa mara mbili, na mtu anayeanguka ndani yake huinuka akicheka. Ndizo pia siku ambazo mwili wa mgeni haujapata nafasi ya kuizoea hewa ya huko.

Msomaji wa Mugumu au Nata anaweza kuuliza habari hizi zinamhusu nini. Zinamhusu kwa sababu mbili. Kwanza, Waikoma wanaishi mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na kazi za utalii na uhifadhi zimewafungulia vijana wao njia za kwenda kusoma na kufanya kazi katika nchi zenye majira ya baridi, ambako kualikwa mlimani mwishoni mwa wiki ni jambo la kawaida kama kualikwa chai. Pili, wengi wao wamebeba katika damu yao kinasaba ambacho nyumbani hakiwasumbui, lakini juu ya mlima mrefu kinaweza kuwalaza hospitalini ndani ya saa chache. Kinasaba hicho ni cha selimundu, ugonjwa ambao mitaani huitwa sikoseli.

Wala theluji si jambo la Marekani peke yake. Kilele cha Kibo kinayo, na mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kilimanjaro wakiwa na mbao za kutelezea na kuzitumia huko juu. Leo hakuna anayekwenda Kilimanjaro kuteleza, lakini wapagazi na waongozaji hupanda mlima huo mwaka mzima, na somo la mteremko wa Colorado linawahusu wao vilevile.

Mkasa wa kufundishia

Mkasa ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo hili. Dalili zake zote ni zile zinazojulikana katika tiba.

Kijana wa miaka 24, mzaliwa wa Robanda, kijiji cha Waikoma kilicho jirani na lango la Ikoma, alikuwa masomoni kwa miezi mitatu katika mji wa pwani nchini Marekani. Alikuwa mchezaji hodari wa mpira wa miguu. Ukiacha malaria za utotoni, hakuwahi kuugua kiasi cha kulazwa. Mwezi Novemba wenzake wa darasani walimwalika kwenda milimani. Waliondoka kwa ndege asubuhi, wakatua Denver mchana, na jioni hiyohiyo wakapanda kwa gari hadi mji mdogo ulio mita 2,900. Usiku alilala vibaya, kichwa kikimgonga. Usiku huohuo theluji nyingi ilianguka.

Asubuhi alikunywa kahawa, hakula cha maana, akakodi mbao na viatu vigumu. Baada ya saa mbili za mafunzo kwenye mteremko wa watoto, rafiki zake walimpandisha kwenye viti vinavyoning'inia kwenye waya, na dakika kumi baadaye alikuwa mita 3,600. Theluji laini ilimfika magotini. Katika theluji ya namna hiyo mgeni hufanya kazi kubwa kuliko bingwa: huanguka, hujikokota, huitafuta mbao iliyozama, husimama kwa mguu mmoja ili kuivaa tena, kisha huanguka upya. Yeye alianguka mara nyingi, na mara moja aliangukia ubavu wa kulia kwa kishindo. Alicheka sana siku hiyo. Hakunywa maji, kwa sababu katika baridi hakuhisi kiu.

Ilipofika saa nane mchana alianza kusikia maumivu chini ya mbavu za kushoto. Akayaita kichomi na kuendelea. Saa tisa hakuweza tena kuvuta pumzi ndefu. Akatapika, na maumivu yakapanda hadi bega la kushoto. Walinzi wa mteremko walimfunika mablanketi na kumteremsha kwa machela inayoburutwa juu ya theluji.

Katika zahanati iliyo chini ya mlima, mhudumu wa kwanza aliandika mambo mawili: ameanguka, na ana ugonjwa wa mwinuko. Yote mawili yalikuwa na msingi, maana kweli alikuwa ameanguka, na kichwa kilikuwa kikimuuma tangu usiku. Oksijeni katika damu yake ilikuwa asilimia 84. Aliyeubadilisha mkondo wa mambo alikuwa muuguzi wa zamu iliyofuata, kwa swali dogo. Alimuuliza kijana aliangukia upande gani. Kulia, akajibu. Akamwambia aoneshe kwa kidole kimoja mahali panapouma zaidi. Kijana akaweka kidole chini ya mbavu za kushoto. Muuguzi akauliza kama kuna mtu yeyote wa ukoo wake mwenye selimundu. Kijana akasema hapana, kisha akajirekebisha: hajui.

Alipewa oksijeni na maji ya mishipa, akateremshwa kwa gari la wagonjwa usiku huo hadi hospitali iliyo chini zaidi. Picha ya CT ilionesha kwamba sehemu ya bandama yake ilikuwa imekosa damu. Kipimo cha himoglobini kilionesha aina mbili, A na S. Kijana yule alikuwa mbebaji wa selimundu, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Kinachotokea ndani ya bandama

Bandama, ambayo wengine huiita wengu, ni kiungo kilichojificha upande wa kushoto chini ya mbavu. Kazi yake mojawapo ni kuchuja damu, na ili kuchuja hulazimisha chembe nyekundu zipite katika vinjia vyembamba mno kwa mwendo wa polepole. Mahali hapo oksijeni ni kidogo na uchachu wa damu ni mkubwa kuliko sehemu nyingine nyingi za mwili. Kwa mtu wa kawaida hilo si tatizo, kwa kuwa chembe zake nyekundu ni laini na hujipinda zikapita.

Mtu aliyerithi kinasaba cha selimundu kutoka kwa baba na kwa mama, yaani SS, ndiye mgonjwa wa selimundu. Aliyerithi kutoka kwa mzazi mmoja tu, yaani AS, ni mbebaji. Kwa kawaida karibu asilimia 40 ya himoglobini ya mbebaji ni ya aina S, na iliyobaki ni ya kawaida. Himoglobini S ikikosa oksijeni hujishikanisha na kuwa nyuzi ngumu, na chembe nyekundu hupinda kama mundu. Katika maisha ya kila siku himoglobini ya kawaida aliyo nayo mbebaji hutosha kuzuia jambo hilo. Hesabu yake ya damu huwa ya kawaida, hana upungufu wa damu, hana maumivu ya mifupa. Hii ndiyo sababu hakuna anayemshuku.

Hewa ya mlimani huvunja usawa huo. Shinikizo la hewa kwenye mita 1,200, ambao ni mwinuko wa sehemu nyingi za nyanda za Serengeti, ni takriban asilimia 87 ya lile la pwani. Kwenye mita 2,900 hushuka hadi asilimia 70 hivi, na kwenye mita 3,600 hadi asilimia 64. Kiasi cha oksijeni kinachoingia mwilini kwa kila pumzi hupungua kwa uwiano huohuo. Hapo ongeza kazi nzito ya misuli, ambayo hula oksijeni na kuongeza uchachu wa damu; ongeza baridi, ambayo hubana mishipa; kisha ongeza ukavu wa hewa, ambao huchukua maji ya mwili kwa njia ya pumzi. Figo za mbebaji nazo haziwezi kuukoleza mkojo kama za mtu mwingine, hivyo yeye hupoteza maji hata anapokuwa ameanza kukauka. Mambo hayo yakikutana kwa mpigo, chembe za damu zilizomo katika vinjia vya bandama hupinda, huziba njia, na sehemu ya kiungo hicho hufa kwa kukosa damu.

Hapa pana jambo linalowashangaza hata wanafunzi wa udaktari. Mgonjwa wa SS kwa kawaida huipoteza bandama yake utotoni, kidogo kidogo, kwa kuziba huku kunakojirudia. Akifika ukubwani, mara nyingi iliyobaki ni kovu. Mbebaji anayo bandama nzima. Kwa hiyo mlimani, mtu ambaye hospitali ingemwita mzima ndiye mwenye bandama ya kuumia. Kauli hiyo isichukuliwe kuwa ruhusa kwa mgonjwa wa SS. Yeye mwinuko mkubwa unaweza kumletea maumivu makali mwili mzima na matatizo ya mapafu, na safari yoyote ya mlimani lazima aijadili kwanza na daktari wake.

Kumbukumbu ya Musoma

Kwa nini kinasaba hiki kiwe kingi Mara? Jibu la swali hilo, kwa sehemu, lilipatikana Mara yenyewe. Katika miaka ya 1950 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa makabila mengi ya Afrika Mashariki. Aliona kwamba kinasaba cha selimundu kilikuwa kingi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, mahali penye malaria, na kilikuwa haba katika nyanda za juu zenye baridi. Philip Boit, Mkenya aliyeshindana katika mbio za skii za Michezo ya Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, anatoka katika nyanda za juu za namna hiyo. Mtu wa Ikoma hafai kujipima kwa Boit, si kwa mapafu tu bali hata kwa urithi wa damu.

Katika wilaya ya Musoma ya wakati huo, Allison alipima watoto wachanga 287 na watu wazima 654. Kati ya watoto, 189 hawakuwa na kinasaba, 89 walikuwa wabebaji na 9 walikuwa na SS. Kati ya watu wazima, 400 hawakuwa nacho, 249 walikuwa wabebaji na 5 walikuwa na SS. Zisomwe tena taratibu. Kwa kila watoto 100, kama watatu walikuwa na SS. Kwa kila watu wazima 100, hata mmoja hakutimia. Waliokosekana walikuwa wamekwisha kufa. Wabebaji, kwa upande wao, walikuwa asilimia 31 ya watoto lakini asilimia 38 ya watu wazima, kwa sababu nusu ya urithi huo iliwakinga dhidi ya malaria kali iliyowaua wenzao. Kile kinachomwangusha kijana kwenye theluji ndicho kilichomfikisha bibi yake uzeeni.

Hali haijabadilika sana. Utafiti uliotangazwa mwaka 2020, uliofanywa katika Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, kwa sampuli 17,200 za watoto wadogo wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ulikuta wabebaji asilimia 20.3 na wagonjwa asilimia 1.2. Yaani karibu mtoto mmoja kati ya kila watano ni mbebaji. Marekani kila mtoto hupimwa anapozaliwa, na tangu mwaka 2010 wanamichezo wa vyuo vikuu vya daraja la kwanza hutakiwa kuijua hali yao. Kijana wa Robanda aliyezaliwa mahali ambapo kinasaba ni kingi zaidi hupanda mlima bila kujua, pamoja na wenzake ambao majibu yao yamo kwenye faili tangu siku ya kwanza ya maisha.

Dalili zinazodanganya

Kuumia kwa bandama mlimani kuna sura yake. Mwathirika mara nyingi ni kijana wa kiume mwenye afya, aliyepanda kutoka nyanda za chini ndani ya siku moja au mbili. Maumivu huanza ghafla au kwa saa chache sehemu ya juu ya tumbo, kushoto, na huzidi anapovuta pumzi. Yanaweza kusikika begani kushoto, kwa kuwa mishipa ya fahamu ya kiwambo kilicho juu ya bandama hupita njia moja na ile ya bega. Kichefuchefu na kutapika ni kawaida, homa inaweza kufuata, na mtaalamu akigusa tumbo huikuta bandama imevimba na inauma.

Ugumu ni kwamba kila moja ya dalili hizo ina jina jingine lililo karibu. Kutapika na kuumwa kichwa huitwa ugonjwa wa mwinuko. Maumivu ya pumzi huitwa kichomi au nimonia. Maumivu ya ubavu huitwa mbavu iliyopasuka au jiwe la figo. Mteremkoni, ambako kila mtu ameanguka angalau mara moja, maelezo ya kuanguka huwa tayari kabla mgonjwa hajafungua mdomo. Kipimo kizuri cha mwanzo ni kile cha muuguzi wa mkasa wetu: linganisha upande ulioumizwa na upande unaouma. Ugonjwa wa mwinuko huumiza kichwa na kuchafua tumbo, lakini hauna sababu ya kuumiza chini ya mbavu za kushoto. Na kama mgonjwa kweli aliangukia kushoto, basi bandama iliyopasuka kwa kishindo ni hatari kubwa zaidi, na hatua za kwanza ni zilezile: kumteremsha na kumpiga picha haraka.

Kosa jingine linatokana na macho ya mhudumu. Mwaka 1985 madaktari Peter Lane na John Githens wa Colorado waliandika katika jarida la Chama cha Madaktari wa Marekani juu ya kuumia huku kwa bandama miongoni mwa watu wasio weusi. Hao walikuwa wabebaji ambao rangi yao haikumfanya mtu yeyote afikirie selimundu. Kinasaba hiki kimo pia Mashariki ya Kati, Bara Hindi na pwani za Mediterania. Mhudumu wa Kilimanjaro anayempokea mtalii kutoka Ugiriki au Oman akiwa ameshika ubavu wa kushoto anapaswa kuuliza swali lilelile analomuuliza mpagazi.

Mtu maarufu zaidi aliyepatwa na balaa hili ni Ryan Clark, mchezaji wa timu ya Pittsburgh Steelers ya mpira wa miguu wa Kimarekani. Yeye alijua kwamba ni mbebaji. Mwezi Oktoba 2007 alicheza Denver, mji ulio mita 1,609 tu, akaugua vibaya, na hatimaye akaondolewa bandama na kibofu cha nyongo. Timu yake iliporudi Denver kwa mchezo wa mtoano Januari 2012, hakuruhusiwa kucheza. Mita 1,609 si mlima. Sehemu za Serengeti zinafika mita 1,850 na watu huzaliwa na kuzeeka huko. Kilichomponza Clark ni juhudi ya mwili kupita kiasi mahali ambapo hakupazoea. Habari yake isimtie hofu mkulima wa Mugumu, lakini imkumbushe mwanamichezo kwamba mwinuko si sababu pekee.

La kufanya

Mlimani, dawa ya kwanza ni kushuka. Kusubiri asubuhi, au kumwacha mgonjwa apumzike kwenye kibanda ili aone kama atapata nafuu, ni kuiacha sehemu nyingine ya bandama izibe. Apewe oksijeni ikiwepo, afunikwe apate joto, anyweshwe maji kama hatapiki, na asitembee ikiwa kuna njia ya kumbeba. Kwa maumivu, paracetamol ndiyo ya kuanzia. Dawa za jamii ya diklofenaki zisikimbiliwe kwa mtu aliyekauka maji, kwa ajili ya figo zake. Asetazolamaidi, ambayo wapanda milima wengi huimeza dhidi ya ugonjwa wa mwinuko, si tiba ya bandama, na ikumbukwe kwamba huongeza mkojo.

Hospitalini, ultrasaundi inaweza kuonesha bandama iliyovimba, ingawa picha ya CT huonesha vizuri zaidi eneo lililokosa damu. Wagonjwa wengi hupona kwa mapumziko, maji, oksijeni na dawa za maumivu, bila upasuaji. Wanaohitaji jicho la daktari wa upasuaji ni wale ambao mapigo ya moyo yanapanda na shinikizo la damu linashuka, dalili ya kuvuja damu ndani, au wale ambao homa na maumivu vinaendelea kwa siku nyingi, dalili ya jipu.

Kwa wahudumu wa maabara lipo jambo moja ambalo husababisha majibu ya kupotosha. Kipimo cha haraka kinachotumia metabisalfaiti ya sodiamu huonesha tu kwamba chembe zinapinda. Hakitofautishi AS na SS. Kumwandikia mtu «sikoseli chanya» na kumwachia karatasi hiyo ni kumpa mbebaji ugonjwa asio nao, au kumfariji mgonjwa kwa kumwita mbebaji. Baada ya kipimo hicho lazima ifuate elektroforesisi ya himoglobini au kipimo kingine kinachotenganisha aina za himoglobini, na kituo kisichokuwa nacho kipeleke sampuli panapopimika.

Kabla ya safari

Mtu wa Mara anayejiandaa kwenda nchi ya milima, au anayetafuta kazi ya upagazi Kilimanjaro, apime kwanza. Akikutwa mbebaji, hajakatazwa mlima. Wabebaji wengi hupanda milima mirefu na kurudi salama, na safari ya ndege ya kawaida haimdhuru, kwa kuwa hewa ya ndani hutunzwa katika kiwango kisichozidi mwinuko wa mita 2,400 hivi. Anachotakiwa ni kuubadili mpangilio wa siku zake. Alale usiku mmoja au miwili mahali pa katikati kabla ya kupanda juu zaidi. Siku ya kwanza aifanye ya kutembea polepole, hata kama theluji ni nzuri na wenzake wanamcheka. Anywe maji kwa saa na si kwa kiu, aache pombe, avae nguo za kutosha. Amwambie angalau mwenzake mmoja hali yake ya damu, kwa sababu mtu anayetapika kwa maumivu hawezi kujieleza.

Kilimanjaro ina faida moja ambayo Colorado haina: mtu hupanda kwa miguu. Kwa njia ya Marangu, mpandaji hulala Mandara kwenye mita 2,720, kisha Horombo kwenye 3,720, na wengine huongeza usiku wa pili hapo kabla ya kwenda Kibo. Waya wa Colorado humfikisha mtu karibu na mwinuko wa Horombo kwa dakika chache. Hata hivyo mpagazi hapandi mikono mitupu kama mtalii, na akiwa ametoka Serengeti kwa basi na kupata kazi siku ya pili yake, yeye naye yuko katika siku yake ya kwanza ya msimu. Mpagazi anayelalamikia ubavu wa kushoto huambiwa na wenzake kwamba mzigo umemchosha. Mara nyingi ni kweli. Kiongozi wa msafara ndiye anayepaswa kuulizia damu kabla ya kuulizia mzigo.

Simu ya Robanda

Kijana wa mkasa wetu alikaa hospitalini siku nne, akapona bila kukatwa. Usiku wa pili, saa nne za Colorado, alimpigia simu mama yake. Robanda ilikuwa saa mbili asubuhi.

«Shikamoo, mama.»

«Marahaba, mwanangu. Umelala?»

Akamweleza habari ya theluji, ya ubavu, na ya herufi mbili zilizoandikwa kwenye karatasi. Mama alisikiliza bila kukatiza. Kisha akauliza kama herufi hizo hutoka kwa baba au kwa mama. Kijana akasema kwamba hiyo moja imetoka kwa mmoja wao, hajui yupi. Mama akakaa kimya kwa muda, halafu akamtaja mdogo wake aliyemfuata, yule aliyekuwa akivimba vidole vya mikono na miguu, ambaye alifariki kabla hajatimiza miaka mitatu, na watu wakasema ni homa.

Kuvimba vidole kwa mtoto mchanga ni dalili ya mapema ya SS, na mtoto wa SS hupata herufi moja kwa baba na moja kwa mama. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa, wazazi wote wawili ni wabebaji, na kila mimba yao ilikuwa na nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mgonjwa. Kijana ana dada wawili walioolewa, mmoja akiwa mjamzito, na mwenyewe ana mchumba Nata. Karatasi ya hospitali ya Colorado, iliyopigwa picha na kutumwa kwa simu, ilifika kliniki ya wajawazito wiki hiyohiyo mkononi mwa dada yake. Muuguzi aliyeipokea aliandika kwenye kadi ya kliniki: kaka AS, mdogo wao alifariki, dalili za SS, mama mjamzito apimwe, mume apimwe, mtoto apimwe akizaliwa.